Gari Lililosema Ukweli kwa Jina Lake

Kazi yangu chuoni ni kufunza isimu, yaani elimu ya lugha. Hata hivyo, wanafunzi wangu wanajua kwamba nikiulizwa habari za magari, mhadhara huweza kuchelewa kuanza. Miongoni mwa magari ya mbio yaliyotoka Japani, lililouteka moyo wangu ni Datsun 240Z. Ninalipenda kwa umbo lake, na zaidi kwa jina lake.

Gari hili lilizinduliwa mwaka wa 1969. Kwao Japani liliitwa Fairlady Z, jina lililotokana na mchezo wa nyimbo uitwao My Fair Lady. Kwa sadfa, mchezo huo unamhusu profesa wa fonetiki anayemfunza muuza maua matamshi ya watu wa tabaka la juu. Yutaka Katayama, aliyeisimamia kampuni ya Nissan nchini Marekani, aliona kwamba jina hilo halikulifaa gari la mbio. Likabanduliwa, pakabandikwa 240Z. Tarakimu hizo hazikuwa pambo. Zilieleza injini ya lita 2.4, yenye silinda 6 zilizopangwa kwa mstari mmoja. Aliyelisoma jina alikuwa amekwisha kulisoma gari.

Bei yake Marekani ilikuwa takriban dola 3,500, hivyo likawafikia watu ambao hawangeweza kumudu Jaguar E-Type. Wala halikuwa gari la lami peke yake. Hapa kwetu lilishinda mbio za Safari mara mbili: mwaka wa 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka wa 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Vumbi na matope ya Afrika Mashariki yalilithibitishia sifa zake.

Baadaye injini ilikua, na jina likakua nayo: 260Z, kisha 280Z. Mwaka wa 1978 ilikuja 280ZX, na herufi iliyoongezwa ikaja na starehe tele. Katika miaka ya 1980 baadhi ya magari haya hata yalizungumza, yakimwarifu dereva kwamba mlango u wazi! Ikafuata 300ZX, ambayo toleo lake la mwaka wa 1989 lilikuwa na turbo mbili na nguvu za farasi zipatazo 300. Lilikuwa gari stadi, sikatai. Lakini kufikia katikati ya miaka ya 1990, huku yeni nayo ikiwa imepanda thamani, lile la turbo mbili liliuzwa kwa zaidi ya dola 40,000. Hata tukikumbuka kwamba dola ilikuwa imeshuka thamani tangu 1970, gari la mtu wa kawaida lilikuwa limemkimbia mwenyewe. Mwaka wa 1996 likaondolewa katika soko la Marekani.

Wahenga walinena: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mwaka wa 2002 Nissan ilileta 350Z yenye viti viwili, kwa bei iliyoanzia takriban dola 26,000. Ile X ilikuwa imetupwa. Ikafuata 370Z, na mwaka wa 2022 likaja gari jipya lenye nguvu za farasi 400, ambalo ng'ambo huitwa Z tu. Japani bado ni Fairlady Z.

Kwa nini nawasimulia haya walimu na wanafunzi? Kwa sababu katika insha ninazosahihisha naiona hadithi hiyo hiyo. Mwanafunzi huanza na wazo jepesi, lenye mwendo. Kisha hulipachika misamiati mizito, nahau tatu katika sentensi moja, na methali zisizohusiana na hoja, mpaka msomaji anashindwa kuifikia. Nasi walimu, aghalabu, humtuza alama kwa wingi wa mapambo hayo.

Sisemi lugha isikue. Hata Z ilikua kutoka lita 2.4 hadi 3.7. Ninachosema ni kwamba kila neno linaloongezwa halina budi kufanya kazi, kama zile tarakimu tatu za 240Z. Tuanze kuwatuza wanafunzi wanaosema wanachokusudia.