Kuinua Gari la Njia Mbovu: Kiasi Gani Chatosha?

Magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne, kama vile Land Rover na Toyota Land Cruiser, hutegemewa sana katika sehemu za Afrika Mashariki ambazo barabara zake hugeuka tope wakati wa masika. Wenye magari hayo aghalabu hutaka yainuliwe ili yapite juu ya mawe na makorongo. Kazi hiyo hufanywa na fundi, lakini matokeo yake hutawaliwa na kanuni za fizikia zifundishwazo katika shule za sekondari.

Kwanza yafaa kufahamu kipi huinuka na kipi hakiinuki. Katika gari lenye ekseli nzima, springi hukaa baina ya ekseli na fremu. Springi ndefu zaidi zikifungwa, fremu na bodi hupanda, bali ekseli hubaki pale pale. Difu, iliyomo katika ekseli hiyo na ambayo mara nyingi ndiyo hugonga jiwe kwanza, haipandi hata kidogo. Huipandisha tairi kubwa, tena kwa nusu tu ya tofauti ya kipenyo: tairi la sentimita 82 likiwekwa mahali pa lile la sentimita 78, difu hupanda sentimita 2. Papo hapo kipimamwendo hupotosha: kikionyesha kilometa 80 kwa saa, gari huwa linakwenda takriban 84. Faida ya springi ndefu ni kuinua bampa na tumbo la gari, na kuacha nafasi ya tairi hilo kubwa.

Faida hiyo ina gharama. Uthabiti wa gari hutegemea upana uliopo baina ya magurudumu ya kushoto na ya kulia, na kimo cha kitovu cha uzito. Chukulia gari ambalo upana huo ni meta 1.5 na kitovu chake kiko meta 0.75 juu ya ardhi. Likiinamishwa ubavu, hufikia ukomo wa kupinduka kwenye nyuzi 45. Kitovu kikipanda sentimita 8, ukomo hushuka hadi nyuzi 42. Hasara hiyo yaonekana ndogo. Lakini mizigo ikirundikwa juu ya keria hata kitovu kikafika sentimita 98, ukomo huwa nyuzi 37 tu. Tena springi huinama upande mmoja gari likatapo kona, na hatari huzidi.

Pengine gari lionekanalo fupi limelemewa tu. Mwaka 1678 Robert Hooke, mwanasayansi wa Uingereza, alichapisha kanuni kwamba badiliko la urefu wa springi ni sawia na kani inayoikabili. Springi ishukayo sentimita 1 kwa kila nyutoni 300 hushuka sentimita 5 ikiongezewa nyutoni 1,500. Kwa hiyo kilo 300 juu ya ekseli ya nyuma, zikigawanywa kwa springi mbili, hushusha gari kiasi hicho. Gari la wagonjwa libebalo vifaa vizito daima lahitaji springi ngumu zaidi. Springi hizo zikifungwa katika gari litembealo tupu, magurudumu hurukaruka juu ya matuta madogo ya barabara ya changarawe. Na gurudumu lisilogusa ardhi haliwezi kusimamisha gari wala kuligeuza.

Sehemu nyingine nazo hudai marekebisho. Shokapu na mipira ya breki sharti vilingane na urefu mpya. Propela shafti huongeza mwinamo, na viungo vyake huchakaa upesi. Katika magari mengi yenye springi za koili mbele, pembe ya ekseli hubadilika, na usukani hukawia kurudi katikati baada ya kona.

Basi uchaguzi wa busara huanza kwa kupima mzigo wa kila siku, kisha kuchagua tairi, na mwisho kuinua kwa kiasi kidogo kitoshacho tairi na njia.

Wanafunzi waweza kuthibitisha hayo darasani. Kipande cha mbao kisimamishwe juu ya ubao wenye msasa, ubao uinuliwe polepole, na pembe ya kuanguka ipimwe. Kisha kipande kirefu zaidi chenye upana ule ule kijaribiwe, na pembe mbili hizo zilinganishwe.