Fahamu: Jino la utotoni huzibwa bila mashine
“Litang’oka tu,” husema wazazi wengi jino la utotoni likitoboka. Lakini gego la utotoni hukaa hadi miaka 10 au zaidi, likililindia nafasi jino la ukubwani. Kuling’oa mapema ni hasara.

Tangu katikati ya miaka ya 1980 ipo njia iliyoanzia Tanzania: daktari hukwangua uozo uliolainika kwa vifaa vya mkono, mara nyingi bila ganzi, kisha huziba tundu kwa saruji ya glasi-ayonoma inayoshikamana na jino na kutoa floraidi. Kwa mtoto anayeogopa mlio wa mashine, hiyo ni nafuu kubwa. Tundu lililo kati ya magego mawili ndilo gumu. Kizibo chake huachia mapema. Maumivu ya usiku yakianza, huenda neva imeshaathirika, na kuziba pekee hakutatosha.