Hilful-Fudhul na Vyama vya Wafanyakazi: Haki ya Mgeni Asiye na Ukoo
Maandishi ya mhadhara uliotolewa katika darsa za Ramadhani, baina ya swala ya Alasiri na futari

Bismillahi Rahmani Rahim. Himdi zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake wote. Amma baad.



Darsa zetu za mwezi huu zimekuwa juu ya dhulma na namna ya kuiondoa. Tumekwisha kuzungumza juu ya dhulma ya mtu kwa nafsi yake na ile ya ndani ya nyumba. Leo tumefikia dhulma baina ya mwajiri na mwajiriwa, na tumeona tuizungumze kwa namna inayotugusa sisi tunaoishi hapa Marekani, ambao wengi wetu tukitoka kwenye daku tunaelekea viwandani, maghalani na majumbani mwa wazee tunaowauguza.

Kilichotusukuma ni jambo tulilolishuhudia Ramadhani iliyopita. Kijana wetu mmoja alinyoosha mkono kuchukua tende, vidole vikakataa kufumba. Ilikuwa miezi mitano anakata nyama kwa kisu, kipande kile kile, mwendo ule ule, saa kumi kwa siku, na mkono ulikuwa umekwisha kufa ganzi. Hakuwa amemwambia mtu. Alichelea kwamba akisema, ataikata riziki yake kwa mdomo wake mwenyewe. Lililotuhuzunisha zaidi ni kwamba kazini kwake chama cha wafanyakazi kipo, naye ni mwanachama. Ada yake ilikuwa ikikatwa kila wiki, na yeye akidhani ni kodi ya serikali.

Tuanze na kisa ambacho wengi mmekisikia katika sira, lakini huenda hatukukitazama kwa jicho la mtu anayetafuta kazi ugenini.

Kabla ya utume, mtu mmoja alitoka Zabid, Yemen, akafika Makka na bidhaa. Akazinunua Al-Aas bin Wail, mkubwa miongoni mwa wakubwa wa Kiquraishi, kisha akakataa kulipa. Mgeni yule akaenda kwa koo zilizofungamana na ukoo wa Al-Aas kuomba msaada, zikamfukuza. Alikuwa peke yake, hana ukoo mjini pale, na katika Makka ya zama zile asiye na ukoo hakuwa na pa kushitakia. Akapanda jabali la Abu Qubays asubuhi, Maquraishi wakiwa wamekaa kuizunguka Kaaba, akapaza sauti kuitangaza dhulma aliyotendewa. Akanyanyuka Zubayr bin Abdulmuttalib, ami yake Mtume, akasema jambo hili haliwezi kuachwa. Wakakusanyika Bani Hashim, Bani Zuhra na Bani Taym nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, aliyewaandalia chakula, wakaapa kwamba watakuwa mkono mmoja pamoja na kila mwenye kudhulumiwa ndani ya Makka, awe mwenyeji au mgeni, mpaka arudishiwe haki yake. Kisha wakaenda kwa Al-Aas, wakaichukua mali, wakamkabidhi mwenyewe. Ahadi hiyo ndiyo inayoitwa Hilful-Fudhul.

Mtume wetu (S.A.W.) alikuwapo katika kikao kile, naye angali kijana. Baada ya kupewa utume alieleza kwamba asingekubali kubadilishana ahadi ile na ngamia wekundu, waliokuwa mali ya thamani kuliko zote kwa Waarabu, na kwamba lau angeitwa kwenye mfano wake katika Uislamu, angeitikia. Tuzingatie kwamba waliokaa katika nyumba ile hawakuwa Waislamu. Tunalitaja hili kwa sababu kila mwaka tunaulizwa kama inafaa kuingia chama kimoja na watu wasiokuwa wa dini yetu. Ahadi ya kumsimamia aliyedhulumiwa imekwisha kupata idhini ya Mtume mwenyewe.

Basi chama cha wafanyakazi, katika asili yake, ni hicho. Mtu mmoja mbele ya kampuni yenye maelfu ya wafanyakazi na mawakili wake ni yule mgeni wa Zabid mlangoni kwa Al-Aas. Wafanyakazi wakikusanyika, wakachagua wasemaji wao na kuandikiana na mwajiri mkataba mmoja unaowahusu wote, amepata ukoo. Wala jambo hili si geni kwa watu wa pwani. Wafanyakazi wa Mombasa waliogoma Januari 1947 na wachukuzi wa bandari ya Zanzibar waliogoma mwaka 1948 walikuwa wazee wetu, na wamo humu ambao babu zao walibeba magunia hayo.

Katika nchi hii tunayoishi, haki ya usalama kazini imelipiwa kwa roho za watu. Tarehe 1 Februari 1968, katika mji wa Memphis, wazoaji taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walijikinga mvua nyuma ya gari la taka. Mtambo wa kushindilia taka ukajiwasha na kuwaua. Wafanyakazi wapatao 1,300, takriban wote Wamarekani weusi, wakagoma. Wengi wanajua kwamba Martin Luther King aliuawa Memphis tarehe 4 Aprili mwaka ule. Wachache wanajua kwamba alikwenda pale kwa ajili ya wazoaji taka hawa. Siku 12 baada ya kifo chake, mji ulikubali kukitambua chama chao na kuongeza mishahara. Miaka miwili baadaye, Desemba 1970, ikatiwa saini sheria ya usalama kazini, ambayo ndiyo iliyoanzisha idara iitwayo OSHA.

Sheria hiyo ina mambo ambayo kila mmoja wetu anapaswa kuyajua. Mwajiri analazimika kukufundisha hatari za kazi yako kwa lugha unayoifahamu. Ukiwa hujui Kiingereza, kukupa karatasi ya Kiingereza utie saini hakutoshi. Vifaa vingi vya kujikinga, kama vile kofia ngumu, glavu na miwani, ni juu yake kuvigharimia. Na ukishitaki hatari, haruhusiwi kukulipizia kwa kukufukuza, kukupunguzia saa au kukuhamishia zamu mbaya. Lakini akikulipizia, una siku 30 tu za kupeleka malalamiko OSHA. Siku 30, ndugu zetu. Wamekuja kwetu watu katika mwezi wa tatu, wana haki kamili mikononi, na muda umekwisha kuwapita.

Iko na sheria ya mwaka 1935 inayolinda haki ya kuunda chama na kujiunga nacho. Sheria hii inawalinda wafanyakazi wanaopeleka jambo lao kwa pamoja, hata pale ambapo chama hakijaundwa. Anayekwenda peke yake kulalamikia shida yake binafsi hapati kinga hiyo. Wakienda wawili kusema mashine ile haina kizuizi, wamo ndani yake. Kwa hiyo kabla ya kwenda kwa msimamizi, mtafute mwenzako. Hata hivyo, sheria hii haiwafikii wote. Wafanyakazi wa mashambani hawamo, wala anayeajiriwa na familia moja kwa moja kufanya kazi ndani ya nyumba yao, wala anayehesabiwa kuwa amejiajiri, na ndivyo kampuni za usafiri zinavyowahesabu ndugu zetu wengi wanaoendesha magari. Anayeuguza wazee kwa kuajiriwa na kampuni ya huduma yumo. Anayelipwa na mtoto wa mzee yule hayumo. Kina mama wengi waliopo hapa wanahusika na tofauti hii, na tutabaki baada ya futari kuisikiliza hali ya kila mmoja.

Na penye chama, ukiitwa ofisini kuhojiwa, na ukachelea kwamba mahojiano yale yataishia kwenye adhabu, una haki ya kutaka mwakilishi wa chama awepo. Mahakama Kuu ya nchi ililithibitisha hilo mwaka 1975. Lakini ni lazima uombe wewe. Ukinyamaza, hakuna anayewajibika kukukumbusha.

Sasa tuje kwenye Ramadhani na ibada zetu. Tuna mifano mitatu, na haifanani.

Katika mji wa Shelbyville, Tennessee, kiwanda cha kuku cha Tyson kilikuwa na Waislamu wengi, zaidi wakiwa Wasomali. Chama chao kilipofanya mapatano na kampuni, Idd el-Fitri ikaingizwa katika mkataba kuwa siku ya mapumziko yenye malipo, mahali pa Siku ya Wafanyakazi ya Septemba. Habari zilipotoka mwaka 2008, nchi ikachafuka kwa hasira. Mkataba ukarekebishwa, siku ile ya Septemba ikarudishwa, na anayetaka Idd akapewa nafasi ya kuichukua kama siku yake binafsi. Tunaona marekebisho yale yalikuwa ya haki zaidi kuliko mkataba wa kwanza, kwa kuwa hayakumnyang'anya mwenzetu siku yake. Lakini tusisahau kwamba Idd iliingia katika mkataba kwa sababu Waislamu walikuwamo chamani na waliipigania.

Mfano wa pili ni mchungu. Fort Morgan, Colorado, Desemba 2015: wafanyakazi Waislamu wapatao 150, wengi Wasomali, walifukuzwa katika kiwanda cha nyama cha Cargill kwa mgogoro wa nafasi ya kuswali. Tume ya serikali ya usawa katika ajira ilichunguza, na mwaka 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 1.5, ingawa ilisema haikubaliani na matokeo ya uchunguzi. Lakini si kampuni peke yake iliyolipa. Chama kilichokuwa kikiwakilisha wafanyakazi hao, tawi la 455 la Teamsters, nacho kilikubali kulipa dola 153,000, kwa sababu kilituhumiwa kwamba hakikuwatetea wanachama wake hawa kama inavyopasa.

Hatulisemi hili ili mtu atoke hapa akijitoa chamani. Chama kinafungwa na sheria kumwakilisha kwa uadilifu kila aliye chini ya mkataba wake, hata asiyelipa ada katika majimbo ambayo ada ni hiari. Lakini chama ni watu, na watu huwatetea wale wanaowajua. Ikiwa sisi ni nusu ya kiwanda na hatujawahi kuhudhuria mkutano hata mmoja, hatukupiga kura, hatukumsimamisha mwenzetu kuwa mwakilishi wa zamu, tutashangaa nini siku ya dhiki wasipolijua jina letu? Wale wa nyumba ya Ibn Jud'an walikaa pamoja, wakala pamoja, ndipo wakaapa.

Mfano wa tatu unatoka Minnesota. Wafanyakazi wa maghala ya Amazon, wengi wao kutoka Afrika Mashariki, walikusanyika chini ya kituo kiitwacho Awood, neno la Kisomali lenye maana ya nguvu. Hicho si chama rasmi cha wafanyakazi. Walilalamikia kasi ya kazi, majeraha, na kukosa nafasi ya kuswali bila kuhesabiwa kwamba wamezembea. Mwaka 2018 na 2019 walitoka nje ya ghala la Shakopee kuandamana. Mwaka 2023 jimbo likapitisha sheria juu ya maghala makubwa: kiwango cha kazi kinachotakiwa kiandikwe na apewe mfanyakazi katika lugha yake, na kisiwe cha kumzuia kula, kupumzika, kwenda chooni au kuswali. Neno swala limo ndani ya sheria ile.

Tukisema usalama, tusisahau kuwa mfungaji naye anaweza kujihatarisha. Anayefanya kazi mbele ya tanuri au akiendesha mashine ya kuinulia mizigo, akaanza kuona kizunguzungu, asimame na amwambie msimamizi. Wanazuoni wameeleza kuhusu mwenye kazi nzito kwamba atie nia na aanze siku yake kwa saumu, kisha akichelea madhara ya kweli, afungue na alipe siku nyingine. Kuificha hali hiyo kwa kuona haya kunaweza kumuua yeye na aliye chini ya mzigo.

Iko pia hoja tunayoisikia kwa wazee wetu, kwamba Mwislamu ashukuru kwa alichopewa na asigombane na anayemlisha. Tunawaheshimu wazee wetu, lakini tumtazame Nabii Musa (A.S.). Alifika Madyan akiwa mkimbizi kutoka Misri, hana kitu. Alipoajiriwa, kama ilivyo katika Surat Al-Qasas, masharti yalitajwa mwanzo: miaka minane, na akitimiza kumi ni hiari yake. Mwajiri alieleza kwamba hakusudii kumtia mashakani, na Musa naye akaweka wazi kwamba akitimiza muda wowote kati ya miwili ile, asitendewe jeuri. Huyo ni Nabii wa Mwenyezi Mungu, mgeni, mwenye njaa, na bado alizungumzia masharti ya kazi yake.

Upande wa pili wa mkataba nao uko juu yetu. Musa alisifiwa kwa nguvu na uaminifu. Anayeiba saa za mwajiri, au anayedai ameumia hali hakuumia, asitafute kivuli katika maneno yetu haya, na anawaharibia walioumia kweli.

Yule kijana wetu, kwa wanaouliza, alipelekwa na wenzake wawili kwa mwakilishi wa chama wiki ile ile. Amehamishiwa kazi ya kufungasha, na daktari anamtazama kwa gharama za bima ya mwajiri. Vidole viwili bado havijarudi.

Adhana imekaribia. Penye meza ya viatu pana karatasi ya Kiswahili yenye muda wa mwisho wa kila aina ya malalamiko, na hati zenu za mshahara mkija nazo kesho, vijana wetu watawasomea kila makato yaliyomo. Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.