Je, Wajua? Pikipiki ya Komarock na Upepo wa Kulal

Mwendeshaji anayetoka Komarock, Nairobi, akishika Kangundo Road kisha Eastern Bypass hadi Ruiru, anaweza kufika Moyale bila kuiacha lami. Mwaka 2007, waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walipopita kaskazini mwa Kenya kwa pikipiki wakitoka Ethiopia, sehemu hiyo ya njia ilikuwa mawe na vumbi.

Lakini kwa anayeiacha lami hiyo, raha huisha Laisamis.

Ukikata kushoto kuelekea Loiyangalani, unakutana na changarawe, mawe ya volkano, na upepo unaobanwa kati ya Mlima Kulal na Nyiru (mita 2,752) hadi pikipiki iyumbe. Upepo huohuo, ambao waendeshaji huulaani, huzungusha mitambo 365 ya kuzalisha umeme, yenye uwezo wa jumla wa megawati 310. Petroli ya akiba? Afadhali ibebwe kutoka Isiolo.