Wahusika Mashuhuri katika Tijara ya Vitabu

Katika tijara ya vitabu vya Kiswahili imo rasilimali ambayo aghalabu haitiwi katika daftari la hesabu, nayo ni mhusika mashuhuri, ambaye jina lake pekee lamtosha msomaji kununua kitabu kabla hajakifunua. Rasilimali ya namna hiyo alikuwa Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla wa Unguja, tangu Mzimu wa Watu wa Kale ilipochapishwa mwaka 1960. Na hali kadhalika Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, ambao katika miaka ya 1970 na 1980 waliipatia riwaya ya Kiswahili wanunuzi wengi waliosoma kwa hiari yao, bila ya kuamriwa na mwalimu.

Walakini mwanafunzi wa sekondari wa leo yamkini amjua zaidi Karama, mshitakiwa wa Kusadikika ya Shaaban Robert, wala sababu si kwamba wenziwe wamepungukiwa na uhodari. Kitabu kinachoingizwa katika muhtasari wa masomo hupata wanunuzi wapya kila shule zifunguliwapo, na mchapishaji hukirudia akijua kwamba fedha zake zitarejea. Ilhali riwaya ya burudani hutegemea mfuko wa msomaji mmoja mmoja, na karatasi zilipoadimika Tanzania katika miaka ya 1980, wachapishaji wadogo hawakuwa na akiba ya kustahimili dhiki ile.

Wako pia wahusika wasioihitaji shule. Sungura na Abunuwasi wa hadithi za mapokeo hawana mtunzi mmoja anayemiliki haki zao, kwa hiyo mchapishaji, mchoraji na mtangazaji hawana warithi wa mtunzi wa kupatana nao. Ndiyo maana mchora katuni Gado aliweza kumtia Abunuwasi katika kitabu cha katuni kilichotolewa Nairobi mwaka 1996, na watoto wakampokea kama mgeni wa siku nyingi.

Lakini mhusika aliyebuniwa na mtunzi anayejulikana ana mwenyewe: kwa sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 1999, haki ya mtunzi hudumu miaka 50 baada ya kufa kwake. Ulinzi wa kazi za Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, ulikoma mwishoni mwa 2012. Bali Muhammed Said Abdulla alifariki mwaka 1991, na kwa kipimo hichohicho Bwana Msa atabaki katika dhamana ya warithi hadi 2041.

Basi maadamu haki za Bwana Msa na wenziwe wa riwaya za burudani zina wenyewe, wajibu wa wachapishaji ni kuwaendea warithi wa watunzi wao, wapatane nao kwa haki juu ya matoleo mapya, vitabu vya kusikiliza, katuni na michezo ya televisheni, na kila mmoja apewe fungu lake kwa mkataba ulioandikwa. Kijana hawezi kulaumiwa kwa kutomjua mtu ambaye kitabu chake hakimo dukani. Na anayesema kwamba kizazi hiki kimewakataa mashujaa wa kale, na awarejeshe kwanza sokoni kwa bei ambayo kijana aimudu, ndipo ahukumu.