Buloni ya Kifaransa ndani ya motokari ya Waingereza

Weka buloni mbili juu ya meza. Zote ziko na kichwa sawasawa, kle moja inazikamata zote mbili. Unene wake pia ni kama moja tu: ya kwanza iko na milimita 8, ya pili milimita 7,94. Kwa macho hauwezi kuzitofautisha. Ya kwanza ni ya motere, ya pili ni ya shasi. Ukizibadilisha fasi na ukakaza kwa nguvu, meno ya ndani ya bloku yanakatika. Na bloku ile, kiwanda chenye kilikuwa kinaitengeneza kiliacha zamani.

Hii njo shida yenye inamngojea kila mtu mwenye anatengeneza upya MG TC. Ni motokari ndogo ya sport ya Waingereza, yenye taa mbili kubwa mbele na magurudumu marefu ya rayo. Ilitoka ku kiwanda cha Abingdon kuanzia mwaka wa 1945 mpaka 1949, karibu 10.000 kwa jumla. Motere yake, yenye jina la XPAG, iko na sentimita kubiki 1250 na nguvu ya farasi 54. Mbio yake inafika karibu kilomita 120 kwa saa. Leo pikipiki nyingi zinaipita, lakini kuko watu Uingereza, Marekani na Australia wenye wanaifungua mpaka buloni ya mwisho, kisha wanaifunga tena vile ilitoka kiwandani. Kazi inachukua miaka. Na mara mingi chenye kinawachelewesha si rangi wala ngozi ya viti. Ni buloni.

Namna gani buloni ya milimita iliingia ndani ya motokari ya Uingereza, inchi yenye kuliwa kule kama ugali kwetu? Jibu liko ku vita ya kwanza. Mwaka wa 1914 Wajerumani walikaribia Paris. Kampuni ya Hotchkiss, yenye ilikuwa inatengeneza bunduki ku Saint-Denis, iliogopa kupoteza kila kitu. Mwaka wa 1915 ilifungua kiwanda kingine ku mji wa Coventry, Uingereza, na mashini zenye zilikuwa zinakata meno kwa milimita, namna ya Wafaransa.

Vita ikaisha. Bunduki hakuna mtu alikuwa anazitafuta tena, mashini zikabaki bila kazi. William Morris, mwenye alikuwa anatengeneza motokari ku Oxford, alikuwa anatafuta motere. Hotchkiss ikamtengenezea. Mwaka wa 1923 Morris akainunua kiwanda yote, ikapata jina la Morris Engines. Jina likabadilika, lakini mashini zikabaki zile zile. Kila mtu mwenye amefanya kazi ku atelye kubwa anaelewa: hautupi mashini nzuri juu ya meno ya buloni tu. Basi ile milimita ya Wafaransa ikaendelea, motere nyuma ya motere, mpaka ikafika ku MG ya 1945.

Lakini Morris alikuwa na shida nyingine. Magaraji yote ya Uingereza na ya makoloni yake yalikuwa na kle za Whitworth, zile zenye vipimo vya inchi. Nani angenunua kle mpya juu ya motokari moja? Kwa hiyo kiwanda kilifanya kitu chenye wazee wa MG wanakicheka mpaka leo: buloni yenye mwili wa milimita na kichwa cha inchi. Fundi anashika kle yake ya kila siku, inaingia vizuri, anafikiri iko na buloni ya Kiingereza mkononi. Kumbe hapana.

Fuatisha basi hesabu, kwa sababu hatari yote iko humo. Buloni ya motere ya milimita 8 iko na hatua ya milimita 1, maana yake kutoka jino moja mpaka lingine ni milimita 1. Ile ya shasi, yenye wanaita BSF ya inchi 5/16, iko na meno 22 ndani ya inchi moja, ni kusema hatua ya milimita 1,15. Tofauti ya 0,15 inaonekana kama si kitu. Lakini kila ukizungusha mara moja, inaongezeka. Jino la kwanza linaingia, la pili linaingia kwa kulazimisha, la tatu tayari liko nusu ya njia kupanda juu ya jino la mwenzake. Na pembe ya meno pia si moja: BSF iko na digri 55, milimita iko na digri 60. Mtu mwenye haraka anasema ni uchafu, anaongeza mkono ku kle. Chuma kinatii. Kinatii kwa kukatika.

Buloni ya kisasa ya duka nayo iko na mtego wake. Ile ya milimita 8 yenye watu wengi wanajua iko na hatua ya 1,25. Ipime na rula: ndani ya milimita 10 utahesabu meno 8, na ku ya MG utahesabu 10. Kuko kweli buloni za kisasa za 8 kwa 1, na hizo zinaingia ku bloku vizuri kabisa. Lakini kichwa chake ni cha 13. Kichwa cha zamani ni milimita 13,3. Kle ya 13 haiingii ku kichwa cha zamani, kle ya 14 inacheza na kula pembe zake. Ndiyo maana ukiona MG yenye vichwa vya buloni vimekuwa mviringo kama pipi, ujue kuko mtu alipita pale na kle za kwake.

Tena motokari haiko na aina mbili tu. Shasi ni BSF. Vitu vya umeme viko na visi ndogo za BA, aina nyingine kabisa ya Waingereza. Mabomba yako na meno ya bomba. Mtu anaweza kufungua motokari moja, ndefu mita tatu na nusu, na kubaki na ndoo yenye aina nne za meno zimechanganyikana. Yule mwenye alifungua na kutupa yote ndani ya ndoo moja atalia mwezi mzima.

Wenye akili hawatumii ndoo. Wanachukua karto, wanachora juu yake umbo la kifuniko, kisha wanachoma kila buloni fasi yake ile ile. Pale buloni ndefu, pale fupi, pale yenye ringi mbili. Nyuma ya miaka miwili karto ingali inasema ukweli, hata kama mwenyewe amesahau. Mimi naona karto ile inapita kitabu chochote. Kitabu kinaonyesha vile ingepaswa kuwa. Karto inaonyesha vile ilikuwa.

Kisha wanapima. Pied à coulisse kwa unene, na ile kipande ya chuma yenye meno kama kisanduo kwa hatua. Buloni ya zamani wanaiosha na petroli, wanaipiga na brosi laini, wanaangalia kama shingo haijavutika. Buloni yenye ilivutwa inakuwa nyembamba fasi moja, na hiyo hairudi ndani. Tundu lenye liliharibika lina dawa: wanatoboa kidogo, wanakata meno mapya, wanaingiza ile resoro yenye mafundi wa kwetu wanaita filet rapporté. Haionekani inje, na inakamata vizuri.

Piesi za kweli zinapatikana fasi tatu. Ya kwanza ni kwa wauzaji wadogo wa Uingereza wenye wanatengeneza upya buloni yenye mwili wa 8 kwa 1 na kichwa cha Whitworth, juu ya watu hawa tu. Ya pili ni ku motere zenye zilikufa. Si MG peke yake ilitumia motere hii: Wolseley 4/44, motokari ya heshima ya miaka ya 1950, ilikuwa na ndugu yake, na buloni zake ziko na meno yale yale. Hakuna mtu anapigania Wolseley kama vile wanapigania MG, kwa hiyo bei iko chini. Ya tatu ni soko la vitu vya zamani. Kubwa yao iko ku Beaulieu, kusini ya Uingereza, tangu mwaka wa 1967. Pale mtu anaweza kupiga magoti mbele ya sanduku la chuma lenye kutu na kuchagua buloni moja moja.

Wale wenye wanapeleka motokari yao mbele ya wajuzi ili ipewe alama, wao wanatafuta zaidi ya meno. Kichwa chenye namba 8.8 juu yake kinawauzi, kwa sababu namba zile zilikuja nyuma, mwaka wa 1947 hazikuwako. Rangi yenye kungaa sana pia inawauzi. Kuko wenye wanapunguza namba na limu na kupaka kichwa dawa nyeusi ili kionekane cha zamani. Kwa kifuniko cha inje, sioni ubaya, kama tu anamwambia mwenye kununua. Akinyamaza na kuuza bei ya ya kweli, ni wizi, hata kama wizi ule ni wa buloni.

Ndani ya motere ni hadithi nyingine. Buloni zenye kukamata biela, zile zenye kupokea pigo kila piston inapogeuka, hapo mtu asinililie juu ya uzee. Chuma chenye kimevutwa na kuachiliwa miaka 75 kinachoka bila kuonyesha. Ikikatika moja ku mbio, biela inatoka kwa ubavu ya bloku, na bloku ile yenye alilinda miaka yote inabaki na tundu la kuingiza ngumi. Pale weka mpya, yenye nguvu kushinda ya zamani, na hakuna mjuzi mwenye atafungua karteri kuiangalia.

Mwaka wa 1955 MG ilileta motokari mpya, MGA, na motere ingine kabisa, yenye meno mapya ambayo Waingereza, Wamarekani na Wakanada walikubaliana. Wolseley ilibaki kidogo na motere ya zamani, kisha nayo ikaacha. Milimita ya Hotchkiss ilikuwa imeishi Coventry miaka karibu makumi manne.

Ku Beaulieu, wazee wenye wanajua hawaendi na pied à coulisse. Kila mmoja anakwenda na ekru moja ndani ya mfuko, ekru safi ya 8 kwa 1 yenye ilitoka ku motere yake mwenyewe. Anatoa buloni ndani ya sanduku, anazungusha ekru na vidole viwili, bila kle. Ikikwama ku jino la tatu anairudisha. Ikitembea mpaka mwisho, anauliza bei.