Nani wa Kumsaidia Mwanafunzi wa Programu Kismayo?

Somo la mwanzo la kuandika programu za kompyuta, yaani lile linalomfundisha mtu asiyejua lolote namna ya kuipangia mashine amri hatua kwa hatua kwa lugha ambayo mashine inaifuata, lina sifa mbaya vyuoni kote duniani, na sifa hiyo haikutokana na uvumi. Mwaka 2007 watafiti Jens Bennedsen na Michael Caspersen wa Denmark walikadiria kwamba karibu theluthi moja ya wanaojiandikisha katika somo hilo hawalifaulu. Mwaka 2014 Christopher Watson na Frederick Li walikusanya matokeo ya masomo 161 kutoka nchi 15, wakakuta wastani wa waliofaulu ni asilimia 67.7, takwimu inayokaribiana sana na ile ya awali ingawa katikati yake vifaa, vitabu na lugha za programu vilikuwa vimebadilika. Kama vifaa vilibadilika na matokeo yakabaki palepale, basi tatizo kubwa halimo katika vifaa, na ni haki kulitafuta kwa watu: nani anafundisha, nani anasaidia, na mwanafunzi aliyekwama anamfikia nani na saa ngapi.

Vyuo vikubwa vimelijibu swali hilo kwa kugawa kazi ya kufundisha katika ngazi. Mhadhiri hutoa somo mbele ya umati; wakufunzi wasaidizi, ambao aghalabu ni wanafunzi waliolipita somo hilohilo mwaka mmoja au miwili kabla, huongoza vikundi vidogo, husahihisha kazi na kukaa katika maabara ya kompyuta; na wote hutangaza saa za ushauri, yaani muda maalumu wa juma ambao mwanafunzi anaweza kuwaendea bila miadi. Utaratibu huu si hisani. Ni sehemu ya somo kama ulivyo mtihani, na asiyeutumia amelipia kitu asichokichukua. Bahati mbaya ni kwamba mwanafunzi anayeuhitaji zaidi ndiye mara nyingi asiyejua kuwa ni haki yake, na katika pwani ya kusini ya Somalia, kuanzia Kismayo hadi Ras Kamboni na visiwa vya Wabajuni, jamii inayosema Kiswahili, vilivyojipanga kando yake, ipo sababu ya kihistoria ya jambo hilo.

Serikali ya Rais Siad Barre wa Somalia ilianguka Januari 1991. Februari ya mwaka huohuo Mholanzi Guido van Rossum akatoa hadharani toleo la kwanza la Python, lugha ya programu ambayo leo ndiyo inayotumiwa sana kuwafundishia wanaoanza. Ni sadfa tu, lakini inaeleza mengi. Katika miaka yote ambayo lugha hiyo ilikuwa ikikua na kuingia vyuoni, Chuo Kikuu cha Taifa cha Somalia kilikuwa kimefungwa kwa vita na hakikufunguliwa tena hadi 2014. Wabajuni wa Chula, Chovai, Koyama na visiwa vingine walishambuliwa, wakanyang'anywa mashua na nyavu, na wengi wakakimbilia Kenya, wakapokelewa Mombasa. Chuo Kikuu cha Kismayo kilianzishwa mwaka 2005, katika mji ambao baadaye ulishikwa na kundi la wapiganaji la Al-Shabaab hadi majeshi ya Kenya na washirika wake wa Kisomali yalipoushambulia mwishoni mwa Septemba 2012. Katika mazingira hayo, kizazi kizima kilikosa wale watu wa katikati, yaani kaka au dada aliyetangulia mwaka mmoja, ambao kwingineko ndio wanaokuja kuwa wakufunzi wasaidizi.

Juu ya hilo kuna suala la lugha. Katiba ya muda ya mwaka 2012 inataja Kisomali kuwa lugha rasmi na Kiarabu kuwa ya pili; Kisomali ndicho kilichoandikwa kwa hati za Kilatini tangu 1972 na kufundishiwa shuleni; nayo maandishi ya programu, pamoja na ujumbe ambao mashine hutoa inapokataa kazi, ni ya Kiingereza. Kwa hiyo kijana wa Kibajuni, ambaye nyumbani husema Kibajuni, lahaja ya Kiswahili cha kaskazini, hulifikia somo la programu kwa lugha ya tatu au ya nne, na hujifunza mambo mawili kwa wakati mmoja bila mtu kumwambia kuwa ni mawili. Hayuko peke yake. Utafiti wa Philip Guo wa mwaka 2018, uliowahoji watu 840 kutoka nchi 86, ulionyesha kwamba wasiozaliwa katika Kiingereza hukwama katika kusoma maelezo, katika kuwasiliana na wenzao, na hata katika kuandika programu zenyewe. Sayamindu Dasgupta na Benjamin Mako Hill, walioichunguza Scratch, lugha ya programu kwa watoto iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, waliona kwamba watoto walioitumia kwa lugha zao walionyesha dhana mpya haraka zaidi kuliko wenzao wa nchi zilezile walioitumia kwa Kiingereza. Scratch ipo kwa Kiswahili, na mwalimu wa Kismayo, au wa Faza upande wa Kenya, anayeanza na watoto hana sababu ya kuipuuza, ingawa mwanafunzi wa chuo atalazimika kuivuka upesi na kuingia katika lugha zilizoandikwa kwa Kiingereza.

Namna msaada unavyofanya kazi huonekana vizuri katika kosa moja dogo ambalo karibu kila anayeanza Python hulifanya. Tuseme mwanafunzi ameandika programu ya kujumlisha mavuno ya mashua moja: programu inauliza kilo za nguru zilizopatikana alfajiri, mtumiaji anaandika 12, kisha inauliza za jioni, anaandika 7. Mwanafunzi anatarajia 19. Kioo kinamwonyesha 127. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna mstari mwekundu, na mashine haikulalamika hata kidogo, kwa sababu kwa upande wake hakuna kilichoharibika: kila kinachoandikwa na mtumiaji Python hukipokea kama maandishi, yaani mfuatano wa alama, na alama ya kujumlisha ikiwekwa kati ya maandishi mawili huyaunganisha tu, 12 likifuatiwa na 7. Dawa yake ni kuiamuru mashine iyageuze maandishi hayo kuwa namba kabla ya kujumlisha, amri ya neno moja. Mwanafunzi aliye peke yake, usiku, huhesabu upya, hufuta mstari, huandika ulewule, na baada ya saa mbili huanza kushuku akili yake.

Mkufunzi msaidizi asiyejua kazi yake huvuta kibodi, huandika neno linalokosekana na kwenda zake. Amemaliza kwa nusu dakika, na mwanafunzi amebaki alipokuwa. Anayeijua huuliza kwanza: ulitarajia nini, umepata nini, na ukiweka namba nyingine inakuwaje? Mwanafunzi akiweka 1 na 1 na kupata 11, mara nyingi hucheka, kwa sababu tabia ya mashine imejidhihirisha mbele yake na hahitaji tena kuambiwa jibu. Maswali hayo matatu ndiyo pia maandalizi ya mwanafunzi kabla ya kubisha mlango: afike na programu yake, aeleze alichokusudia, aonyeshe kilichotokea na alichokwisha kujaribu. Kusema "haifanyi kazi" hakumpi mkufunzi pa kuanzia. Aliyejiandaa hivyo, wakati mwingine, huligundua kosa lake akiwa bado anaeleza, na hilo nalo ni msaada, hata kama mkufunzi hakusema neno.

Hapo ndipo haya ya pwani inapoingia. Katika malezi ya Waswahili na ya Wasomali vilevile, mwalimu huheshimiwa kwa kusikilizwa, na kumrudia kwa swali lilelile huweza kuonekana utovu wa adabu au kukiri ujinga mbele ya wenzio. Mwanafunzi huitika "naam, maalim" na kuondoka na fundo lake moyoni. Tabia hiyo ina uzuri wake, lakini katika programu ina gharama, kwa kuwa sehemu ya pili ya somo imejengwa juu ya ya kwanza, na asiyeelewa namna mashine inavyotofautisha maandishi na namba juma hili hataelewa lolote juma lijalo. Hata hivyo mila ileile ina dawa yake. Katika chuo cha Kurani, mwanafunzi aliyetangulia juzuu kadhaa huwasikiliza wadogo kabla hawajafika kwa maalim, na hakuna anayeona aibu kukosea mbele yake. Mkufunzi msaidizi ni mtu huyohuyo, ila ubao umekuwa kioo.

Mifano iliyo karibu inathibitisha kwamba jambo hili linawezekana penye shida kubwa. Dadaab, kambi zilizoanza mwaka 1991 upande wa Kenya na zilizopokea watu wengi kutoka Juba ya Chini, mkoa wa Kismayo, zimekuwa na mradi wa elimu ya juu kwa wakimbizi uitwao BHER tangu 2013, ulioanza kwa kuunganisha Chuo Kikuu cha Kenyatta na cha Moi na vyuo viwili vya Canada, York na British Columbia. Wanafunzi hupata mafunzo ya mtandaoni na ya ana kwa ana katika kituo cha masomo chenye kompyuta, badala ya kuachwa na kioo peke yake. MIT nayo ilianzisha mwaka 2017 mpango wa wakimbizi ulioitwa ReACT, wenye cheti cha sayansi ya kompyuta na data, ambao kundi lake la kwanza lilisoma Jordan. Mwaka 2020, dunia ilipofungwa kwa UVIKO-19, Chris Piech na Mehran Sahami wa Chuo Kikuu cha Stanford walifungua bure nusu ya kwanza ya somo lao la mwanzo kwa wanafunzi zaidi ya 10,000, na badala ya kuwarushia video tu, waliandikisha watu wapatao 900 wa kujitolea ili kila mmoja aongoze kikundi chake kidogo. Uamuzi huo ndio uliolitofautisha somo lao na mamia ya mengine ya mtandaoni.

Lakini msaada wa mbali una mipaka yake, na ni heri isemwe wazi. Saa nane mchana ya California wakati wa kiangazi ni saa sita usiku Kismayo. Ijumaa, siku ya kazi Ulaya na Marekani, ni siku ya mapumziko Somalia. Hata tangazo la kawaida linaweza kupotosha, kwani "saa 3" kwa mkufunzi wa kigeni ni alasiri na kwa mwenye kuhesabu saa za Kiswahili ni asubuhi au usiku, na mwanafunzi aliyefika wakati usio wake huhesabiwa kuwa mzembe. Tena mtandao wenyewe huweza kukatika: Juni 2017 meli iliukata waya wa chini ya bahari wa EASSy karibu na Mogadishu, na Somalia ya kusini na ya kati ikakaa majuma matatu na zaidi ikiwa na intaneti hafifu au bila intaneti kabisa. Aliyekuwa na mkufunzi mjini mwake aliendelea na somo kwa karatasi na kalamu. Aliyemtegemea mtu wa ng'ambo alisubiri.

Kwa wasichana kuna jambo la ziada. Saa za ushauri zinazowekwa baada ya Isha, katika chumba chenye wavulana pekee, ni kama hazikuwekwa, na chuo kinachotaka wasichana wamalize somo kinapaswa kuwa na mkufunzi msaidizi mwanamke na saa za mchana, hata kama wasichana walioandikishwa ni wachache.

Kinachotakiwa pwani hii ni cha bei nafuu kuliko maabara mpya. Vyuo vya Kismayo, pamoja na vikundi vya vijana vya Lamu na Mombasa vinavyofundisha programu na vinavyoweza kuwafikia Wabajuni wa pande zote mbili za mpaka, vichague kila muhula wanafunzi wachache waliofaulu somo la mwanzo, viwalipe hata kidogo, vihakikishe kwamba angalau mmoja wao anaweza kueleza kwa Kiswahili au Kibajuni, kisha vibandike mlangoni majina yao, chumba na saa, na saa hizo ziandikwe kwa hesabu inayotumika mjini, siku ya kwanza ya masomo na si baada ya mtihani wa kwanza.